Masi, stata na petroli: kutafsiri kitabu cha fundi kwa Kiswahili cha Bunia

Mwaka 1965 mwanajeshi wa anga wa Uingereza, John Haynes, alikuwa kazini Aden, bandari ambayo majahazi ya Mombasa na Unguja yaliizoea tangu zamani. Mwenzake mmoja alikuwa amenunua gari dogo la spoti, Austin-Healey Sprite, tayari limechoka. Walipoanza kulifungua, Haynes aliona kwamba kitabu cha kiwanda hakikuandikwa kwa ajili ya mtu wa kawaida. Kilimwandikia fundi aliyekwisha kuijua kazi. Basi akapiga picha hatua kwa hatua, akaweka maelezo kando yake, na mwaka 1966 kitabu chake cha kwanza cha ukarabati wa gari kikatoka. Nakala 3,000 za mwanzo ziliisha kabla ya miezi mitatu, na tangu hapo maelfu kwa maelfu ya watu wamefungua injini nyumbani kwao, wakiwa na kitabu kilichochafuka oili mkono mmoja na spana mkono wa pili.

Kwetu sisi wa kitivo cha lugha hiyo ni habari ya uandishi kabla ya kuwa habari ya magari. Haynes hakubadilisha injini, alibadilisha msomaji. Sasa tuseme mmoja wetu amepewa kazi ya kukitafsiri kitabu cha namna hiyo kwa Kiswahili. Msomaji wake atakuwa nani? Fundi wa Nairobi na fundi wa Bunia wote wawili hufanya kazi kwa Kiswahili, na Sprite ikifunguliwa mbele yao wataona vyuma vilevile. Lakini majina ya vyuma hivyo mmoja aliyapokea kwa Mwingereza na mwingine kwa Mbelgiji. Mahali pengi tofauti hiyo ni ya kuchekesha tu. Mahali pachache inaunguza waya, na pamoja inaunguza mtu. Hapo ndipo makala haya yatakaa zaidi.

Najua swali litakaloulizwa kwanza: kwa nini Sprite, ilhali barabara zetu zimejaa Toyota na pikipiki? Sababu yangu ya kwanza ni kwamba gari la zamani halina kompyuta. Kila kifaa unakiona, unakishika, na kazi yake unaweza kuieleza kwa sentensi moja. Kwa somo la istilahi hakuna kitu bora. Sababu ya pili ni ya historia. Kiswahili cha gereji tunachokikuta kwenye kamusi kilikua juu ya magari ya Kiingereza: Austin, Morris, Bedford, Land Rover. Sprite yenyewe, iliyozinduliwa mwaka 1958, ilibeba injini ya sentimita za ujazo 948 iliyokuwa pia ndani ya Morris Minor, gari lililojulikana sana Kenya, Uganda na Tanganyika. Wala magari ya aina hiyo hayajafa. Nairobi, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, kuna mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, yaliyoanza 1970, na kati yake hupangwa MG na Triumph ambazo wenyewe na mafundi wao huzihangaikia mwaka mzima.

(Hata jina "gari la michezo" linanitatiza. Mtu wa Bunia akilisikia atadhani ni gari linalobeba timu ya mpira. "Gari la spoti" nalo si zuri sana, lakini halidanganyi.)

Tabaka za maneno

Kiswahili kilifika misitu ya Ituri na misafara ya pembe za ndovu mwishoni mwa karne ya 19, kabla ya Kifaransa kuwa lugha ya shule na kabla ya gari lolote. Gari lilipokuja lilikuta lugha ina maneno yake. Ndiyo maana pwani walilipa jina "gari", ambalo ni la Kihindi na lilikuwa tayari likitumika kwa mikokoteni, na duara la kuongozea wakaliita "usukani", neno la mabaharia lenye asili ya Kiarabu. Anayeshika usukani wa Sprite leo anashika, kwa jina, chombo cha jahazi.

Sisi Bunia twasema "mutuka". Neno hili linafaa kutazamwa kwa makini. Waganda wana "emmotoka", Walingala wana "mutuka", vitabu vya zamani vya Kiswahili vina "motokaa", na vyote vinatoka kwa "motor car" ya Kiingereza. Kwa hiyo jina la chombo kizima ni la Kiingereza. Fungua sasa kapo, uone: motere, buji, karbirateri, batri. Panda ndani: vola, fre, ambreyaji, vitesi. Lala uvunguni: tiyo, bulo, ekru. Anayeendesha ni shofere, tairi ni pine, na kikiharibika kitu unatafuta piesi. Gari la Kiingereza lililojaa Kifaransa! Tahajia nilizotumia hazijatulia. Kila fundi ana matamshi yake, nami nimeandika ninavyosikia.

Upande wa pili wa mpaka orodha ni boneti, injini, plagi, kabureta, betri, breki, klachi, gia, paipu, bolti, nati, dereva, tairi, spea. Tena si Kiingereza chochote. Mmarekani hasemi "bonnet", wala "boot" kwa sehemu ya mizigo, wala "spanner". Hayo ni maneno ya Uingereza peke yake, na Kiswahili cha Afrika Mashariki kimeyahifadhi kama yalivyopokelewa: boneti, buti, spana. Kijana wa Mombasa anayetazama video ya fundi wa Marekani analazimika kujifunza upya jina la kila kifuniko.

Katika Sprite ya kwanza, ile ambayo Waingereza waliipa jina la macho ya chura kwa sababu ya taa zake zilizochomoza juu, maneno haya mawili yanapata shida ya peke yake. Boneti yake si kifuniko tu: pua yote ya gari, pamoja na mabawa na taa, huinuka kwa pamoja. Na buti haifunguki kwa nje hata kidogo; mizigo hupitishwa nyuma ya viti. Mtafsiri atakayeandika "fungua buti" kwa mazoea atamfanya msomaji alizunguke gari akitafuta kitasa kisichokuwapo. Kabla ya kutafsiri jina, tazama chuma.

Vitenzi vyetu wenyewe

Majina tumekopa, vitenzi kwa sehemu kubwa ni vyetu, na hapo Kiswahili hakihitaji msaada. Vitabu vya ukarabati vina mazoea yanayowaudhi wasomaji wote: hueleza kwa kurasa tano namna ya kutoa kifaa, kisha kukirudisha vinakuachia kwa sentensi moja, kwamba urudie hatua zilezile kinyume. Kwa Kiingereza sentensi hiyo ni ya uvivu. Kwa Kiswahili ni sarufi. Funga, fungua. Ziba, zibua. Choma, chomoa. Kunja, kunjua. Kiambishi cha kutendua kinabeba ndani ya kitenzi ule mwendo wa kurudi nyuma ambao Haynes alihitaji sentensi nzima kuusema. Nadhani mwalimu wa mofolojia anayetafuta mifano ya kutendua angefanya vizuri kulipeleka darasa lake gereji asubuhi moja.

Mkopo wa vitenzi uko, hasa kwetu: "kuregle", "kudemare", "kusere". Vinaingia na ku- mbele lakini mwisho wake unabaki wa Kifaransa, na kwa sababu hiyo vinakuwa vigumu kunyambua. "Kaza" hukupa kazwa, kazika, kazia, kazisha bila kulalamika. "Kuregle" ukiitaka kauli ya kutendwa inabidi uzunguke: "inafanyiwa reglaji". Kwa maandishi, basi, sioni sababu ya kuacha "kaza", "legeza" na "rekebisha". Fundi wa Bunia anavielewa vyote vitatu.

Masi

Sasa tuingie penye hatari, na tuanze na umeme.

Kitabu cha Kiingereza kikitaka useme kwamba waya fulani unarudi kwenye bodi ya gari, kinatumia neno "earth". Afrika Mashariki wamelipokea: "ethi", "waya wa ethi". Neno lilitoka kwenye telegrafu ya zamani, ambako umeme ulirudi kweli kupitia udongo. Gari lakini liko juu ya mpira. Haligusi udongo kwa umeme. Linalorudisha umeme ni chuma cha bodi lenyewe. Mwanafunzi anayetafsiri kwa kamusi ataandika "unganisha waya na ardhi", na sentensi yake itakuwa sahihi kwa kila neno na upuuzi kwa jumla.

Kifaransa hapa ni makini kuliko Kiingereza. Kina maneno mawili: "terre" kwa udongo wa kweli, kama ile fimbo tunayochimbia nyumbani kwa ajili ya jenereta au sola, na "masse" kwa mwili wa chuma wa mashine. Fundi wetu anaposema "masi" amerithi tofauti hiyo bila kufundishwa. Anajua kwamba masi si udongo. Kwa hoja hii moja Kiswahili cha Bunia kina istilahi bora kuliko cha Nairobi, na napenda kulisema hilo wazi kwa sababu tumezoea kusikia kinyume chake: kwamba Kingwana chetu ni lugha iliyopinda, na kazi ya shule ni kuinyoosha.

Lakini masi peke yake haitoshi kwa Sprite. Katika Toyota yoyote hapa mjini, ncha ya hasi ya betri ndiyo inayokaa kwenye bodi, na waya mweusi ni wa hasi. Magari mengi ya Uingereza hadi katikati ya miaka ya 1960 yalikuwa kinyume: chanya ndiyo ilikuwa masi. Vifaa vya umeme vilitoka kwa kampuni ya Lucas ya Birmingham, ambayo Waingereza wenyewe, kwa kuchoka na taa zilizozimika njiani, waliitania kwa jina la Mkuu wa Giza. Rangi za waya za Lucas zina utaratibu mzuri: kahawia hutoka betrini moja kwa moja, nyeupe ni ya kuwashia injini, kijani hupitia fyuzi, buluu ni taa kubwa, nyekundu taa ndogo, nyeusi ni masi. Na humo mna mtego. Nyeusi ni masi daima, lakini katika Sprite ya 1960 masi ni chanya. Fundi aliyezoea Toyota ataona waya mweusi, atafikiri hasi, atafunga betri anavyojua. Kama mwenye gari ameweka redio ya transista au alteneta kwa namna ya zamani, itaungua papo hapo.

Tutaandikaje? Watafsiri wengi wangeunda kirai: "ethi chanya", "masi chanya". Ni kifupi na kinapendeza kwenye orodha ya istilahi. Tatizo ni kwamba kirai hakimwonyi mtu. Msomaji anakipita kama anavyopita jina la mtaa. Kiswahili kina chombo kingine, nacho ni ule mkazo wa "ndi-" pamoja na kirejeshi: *Katika gari hili ncha ya chanya ndiyo inayofungwa kwenye bodi.* Sentensi ni ndefu zaidi, lakini "ndiyo" inamshika msomaji bega. Inamwambia kwamba alitazamia kitu kingine. Yafaa pia kuandika alama ya kujumlisha na ya kutoa, kwa maana "chanya" na "hasi" ni maneno ya darasani; gerejini husikika "plus" na "moins" za Kifaransa.

Nikiwa kwenye rangi, tazama jambo dogo. Nyeusi, nyeupe na nyekundu ni vivumishi halisi vinavyopatana na nomino: waya mweusi, nyaya nyeusi. Kahawia, kijani, zambarau ni majina ya vitu vilivyoazimwa kuwa rangi, na hayapatani: waya wa kahawia, waya wa kijani. Mpangilio wa Lucas unamlazimisha mtafsiri apite kwenye sarufi zote mbili ndani ya aya moja.

Stata

Tuseme sasa fundi wa Bunia anampigia simu muuzaji wa spea wa Kampala, pale Kisekka, soko ambalo piesi nyingi za magari huuzwa. Anasema kwa Kiswahili: "Ndugu, natafuta stata." Muuzaji anatafuta mota ya kuzungushia injini, chuma kizito, anataja bei. Fundi anashtuka, yeye alitaka kebo nyembamba.

Wote wawili wamesema kweli. Kwa Kiingereza "starter" ni ile mota, na Afrika Mashariki ikawa "stata". Kwa Kifaransa "starter", ingawa sura yake ni ya Kiingereza, ni ile fimbo ya kuvuta asubuhi ya baridi ili injini iwake. Mota yenyewe ni "démarreur", kwetu "demarere". Kitu ambacho Bunia ni stata, Nairobi ni "choki". Na "choki" inatoka kwenye kitenzi cha Kiingereza cha kukaba koo, kwa sababu kabureta nyingi huongeza petroli kwa kuzuia hewa isipite.

Mtafsiri mwenye bidii atasema: basi tuiite kinyongeo, au kikabio, tuachane na mikopo. Angalia kabureta ya Sprite kwanza. Ni za aina ya SU, mbili kwa pamoja, na SU haikabi hewa. Ukivuta ile fimbo, kijitundu cha mafuta ndicho kinachoshushwa, sindano inabaki juu, na mafuta mengi zaidi hupita. Hakuna kilichonyongwa. Kwa hiyo neno la Kiingereza ni la uongo kwa gari la Kiingereza lenyewe, na tafsiri yake ya neno kwa neno ingehamisha uongo huo hadi kwetu. Ningeandika "fimbo ya kuwashia baridi" na kuendelea na kazi. Kuhusu stata na demarere ningeziweka zote mbili mara ya kwanza, kisha nieleze kwa maneno manne: mota inayozungusha injini iwake.

Petroli

Niliahidi neno linaloweza kuunguza mtu. Ni hili.

Kazi ya kwanza katika ukarabati wowote ni kuosha. Injini ya miaka 60 imevaa koti la grisi na vumbi, na hakuna kinachoonekana mpaka litoke. Vitabu vya Kiingereza hushauri kuosha vyuma kwa "paraffin", ambayo Uingereza ni mafuta ya taa. Kwa Kifaransa "paraffine" ni nta ya mishumaa. Mafuta ya taa kwa Kifaransa cha Kongo ni "pétrole". Na "petroli" kwa Kiswahili cha Kenya, Uganda na Tanzania ni kile sisi tunachokiita "esansi".

Soma tena taratibu. Neno moja, petroli, linalotamkwa karibu sawa pande zote za Ziwa Albert, upande mmoja ni mafuta ya kuwekwa kwenye taa ya chemli, upande mwingine ni kimiminika ambacho mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo. Mtu wa Mahagi ana jamaa na biashara pande zote mbili. Akisoma "osha kwa petroli" ataielewa kwa sikio lipi? Kama mwandishi alikuwa wa Bunia, alikusudia mafuta ya taa, na msomaji wa Arua atamimina esansi kwenye beseni, nyumbani, pengine karibu na jiko la makaa. Kama mwandishi alikuwa wa Nairobi na aliandika "jaza petroli", msomaji wetu aliyesoma kwa Kifaransa anaweza kutia mafuta ya taa kwenye tangi la Sprite, na gari halitawaka. Kosa la pili linaharibu siku. La kwanza linachoma nyumba.

Kamusi haiwezi kututoa hapa, kwa sababu kila upande una matumizi yake na yana mizizi. Wala si haki kumwambia mama anayeuza mafuta kwa chupa kando ya barabara ya Bunia kwamba petroli yake si petroli. Bahati ni kwamba Kiswahili kina jina ambalo halijachafuliwa na mkopo wowote: mafuta ya taa. Linaeleweka Mombasa, Kampala, Bunia na Lubumbashi. Kwa upande wa pili, kwa kuwa hakuna neno moja salama, ningeandika "esansi, yaani petroli ya gari" kila mara, si mara ya kwanza tu. Mhariri atalalamika kwamba narudia. Nitamjibu kwamba mtu anayekarabati gari hasomi kitabu tangu mwanzo. Anakifungua penye ukurasa anaouhitaji.

Dizeli haina vurugu kubwa hivyo: Kongo ni mazutu, kwingine dizeli, na Sprite haitumii.

Kushoto na kulia

Kifupi, lakini wengi hujikwaa. Mara nyingi vitabu vya Uingereza havisemi kulia na kushoto. Husema upande wa karibu na upande wa mbali, kwa kupima kutoka ukingo wa barabara. Uingereza, kama Uganda, magari hupita kushoto, kwa hiyo upande wa karibu ni kushoto. Ukivuka Goli kuingia Mahagi, barabara inahamia kulia, na upande wa karibu wa gari lilelile unakuwa kulia. "Upande wa dereva" hausaidii, maana mjini mwetu usukani wa kulia na wa kushoto huchanganyika, mengi ya magari yakiwa yamepitia Uganda. Andika kushoto na kulia, na mwanzoni mwa kitabu sema kwamba ni vya mtu aliyekaa kwenye kiti akitazama mbele.

Kle ya kumi na tatu

Gerejini kwetu spana ni "kle", na namba zake husemwa kwa Kifaransa: kle ya dix, kle ya treize. Ni milimita. Sprite imefungwa kwa inchi. Nati ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7, na kle ya 13 itaishika, lakini kwa ulegevu wa milimita 0.3, ukikaza kwa nguvu, pembe zinaanza kuliwa, na baada ya mara tatu nati imekuwa duara. Kle ya 19 kwa robo tatu ya inchi ni afadhali, kwa kuwa 19.05 ni karibu sawa. Hapa tafsiri haiwezi kuwa ya lugha peke yake. Anayeandika "spana ya nusu inchi" ni mwaminifu kwa kitabu. Anayeongeza "kle ya 13 itaingia lakini usiitumie kwenye nati iliyoganda" ni mwaminifu kwa fundi.

Gari la Kiingereza lililozidi yote kwa jambo hili ni MG ya familia ya T, kwa mfano TC iliyoanza 1945. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,250 ilitengenezwa na tawi la Morris lililokuwa Coventry. Kiwanda hicho kilikuwa cha Hotchkiss, kampuni ya Ufaransa iliyohamishia kazi Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Morris alikinunua 1923, pamoja na mashine zake zilizokata nyuzi za bolti kwa milimita. Kubadilisha mashine zote kulikuwa gharama. Basi nyuzi zikabaki za milimita, na vichwa vya bolti vikatengenezwa kwa vipimo vya Whitworth ili spana za Mwingereza ziingie. Anayekarabati TC nyumbani leo hushika kichwa cha Kiingereza na kuzungusha shingo ya Kifaransa, na akipoteza bolti moja haipati dukani. Mtu anayesema "mutuka" na "kle" katika sentensi moja hatashangaa sana.

Zoezi

Aya ifuatayo nimeiandika kwa ajili ya msomaji wa Bunia na wa Nairobi kwa pamoja. Inahusu nafasi za valvu, kazi ambayo mwenye Sprite huifanya mwenyewe mara kwa mara.

*Fanya kazi hii injini ikiwa baridi. Toa kifuniko cha valvu, ambazo wengine huziita supapi. Ziko nane; zihesabu kutoka mbele. Zungusha injini polepole mpaka valvu ya 8 iwe imeshuka kabisa. Hapo, valvu ya 1 ndiyo utakayopima. Nafasi iwe inchi 0.012, yaani milimita 0.30: bamba la kupimia lipite kwa kukwaruza kidogo, lisilegee. Legeza nati, geuza skrubu, kaza nati, kisha pima tena, maana kukaza hubadilisha nafasi. Endelea hivyo kwa zote. Namba ya valvu iliyoshuka na namba ya ile unayopima jumla yake ni 9: ikishuka ya 6 pima ya 3, ikishuka ya 4 pima ya 5.*

Kwanza, taja kila neno la mkopo katika aya hii, na useme kama fundi wa Bunia angelitumia, angelielewa tu, au asingelielewa. Pili, neno "nafasi" kwa Kiswahili ni upenyo, ni wakati na ni fursa. Eleza kwa nini hapa halileti utata. Tatu, andika aya hii upya kwa Kiswahili cha gereji ya kwenu, bila kuisahihisha, mpe fundi asiyeijua Sprite aisome, na uandike kila mahali anapouliza swali.